Kupita Ukutani

Mimi ni mtu mwenye wivu, na sihitaji mtu wa kunisaidia kulisema. Alhamisi ile nilikuwa nimekunja suruali hadi magotini, natawadha nje ya msikiti mdogo ulio kando ya barabara chini ya Soni, nilipoiona pikapu yangu ya kijani ikipanda polepole. Usukani kaushika fundi Valentino. Kiti cha pembeni kakaa mke wangu, Zakia. Vioo vyote wameviteremsha, na mke wangu kaegemeza kichwa dirishani, mtandio umemteleza hadi mabegani, wala hana habari nao.

Nilijaribu kujidanganya kwamba nimefananisha. Lakini pikapu ile haifanani na nyingine, kwa sababu nyuma nimeiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: WIVU WA NINI. Niliyaandika maneno hayo kwa ajili ya majirani walionisema siku nilipoinunua. Sasa yakawa yananipita mimi.

Ikapanda, ikapotea kwenye kona. Baada ya muda ikashuka, ikageuza penye uwazi, ikapanda tena. Mara tatu! Na mara ya tatu walikuwa wanacheka. Maji yalikuwa yananidondoka viwikoni na sikukumbuka tena nimefikia kiungo gani. Ikanibidi nianze udhu upya, na hiyo swala niliyoswali sina hakika ilivuka dari.

Asiyeijua barabara yetu ya Mombo kwenda Lushoto atauliza kosa liko wapi, kwani fundi haruhusiwi kujaribu gari? Basi ngoja nieleze. Chini ya Soni kuna mahali mlima ulikatwa ili barabara ipite, na mwamba umesimama wima upande wa kushoto unapopanda. Gari likiwa na mlio usioeleweka, madereva wa huku hatukimbilii spana. Tunalipitisha ukutani. Unateremsha vioo, unazima kila kinachopiga kelele, unapanda kwa gia ya pili, na mwamba unakurudishia sauti ya gari lako, kila kitu mahali pake. Ila dereva hasikii vizuri, kwa sababu yeye yuko upande wa bonde. Anayesikia ni aliyekaa pembeni. Kwa hiyo kupita ukutani ni kazi ya watu wawili, na lazima waaminiane, maana mmoja ana usukani na mwenzake ana jibu.

Zamani aliyekaa pembeni nilikuwa mimi. Waliniita Rajabu Masikio. Madereva walikuwa wananinyanyua kwenye chai yangu, nikapande nao ukutani mara moja tu, nikishuka nimeshawaambia: hii ni beringi, hii ni krosi ya propela, hii ni kokoto imenasa kwenye tairi, usimpe fundi hela yako. Na wiki ya harusi yetu, miaka ishirini na saba iliyopita, sikumpeleka Zakia Tanga mjini wala Dar es Salaam. Niliazima gari la mjomba, nikampitisha ukutani, nikamwambia afumbe macho asikilize. Akaniambia anasikia gari jingine linatembea ndani ya mlima. Tangu siku hiyo ukuta ule ni wangu na wake. Sasa niambie kama mtu ana haki ya kupita pale na mke wangu huku wanacheka.

Pikapu ilikuwa kwa Valentino kwa sababu ya Zakia mwenyewe. Wiki nzima alikuwa anasema gari linalia mbele. Mimi nalishika usukani kila siku, nashusha kabichi na karoti hadi Mombo, na sikusikia chochote. Lakini mwanamke akishikilia jambo, utasalimu amri. Alhamisi nilikuwa na msiba Mazinde, tukashuka pamoja hadi Soni asubuhi, nikaiacha pikapu gereji, yeye akasema atasubiri kwa shoga yake, mimi nikapanda basi. Msiba ulikwisha mapema, nikarudi na basi, nikateremka pale msikitini niswali kwanza. Laiti ungechelewa.

Nilifika gereji kwa miguu, suruali bado mbichi. Valentino ni mtu wa Gare, Mkatoliki, umri wa miaka arobaini na kitu, mkewe alifariki na hajaoa tena. Mikono yake ina grisi hadi kwenye kucha, lakini shati lake la kazi limepigwa pasi. Fundi gani anapiga pasi shati la kazi? Na ile sauti yake! Anazungumza chini chini kama mtu aliye kwenye kitubio. Siku hizi watu wengi wameanza tabia hiyo ya kumeza maneno, hata mwadhini wetu kapunguza sauti, lakini Valentino kazidi.

"Shikamoo, kaka Rajabu," akasema, na hilo nililisikia.

"Marahaba. Mmeshatembea vya kutosha?"

Zakia akautengeneza mtandio wake. Valentino akajifuta mikono kwa kitambaa, bila haraka, na hilo nalo likanikera.

"Tumepita ukutani na shemeji. Ni beringi ya mbele kushoto. Ukikata kulia, mzigo unalala upande wa kushoto, na mlio unapanda. Ukikata kushoto unapungua. Ukikanyaga klachi haubadiliki, kwa hiyo injini haimo. Nipe hadi Jumamosi nipate spea Mombo. Ila usishuke na mzigo kabla ya hapo."

"Beringi nilianza kuzijua wewe ukiwa unafutwa kamasi na mama yako," nikamwambia. "Na huyu nani kakwambia ana masikio ya beringi?"

"Baba Mwanaheri," Zakia akaanza. Mwanaheri ni binti yetu, ameolewa Korogwe.

"Nimemuuliza yeye."

"Shemeji ana sikio zuri sana," Valentino akasema.

Shemeji! Neno la heshima, najua, mke wa rafiki ni shemeji. Lakini mimi na yeye urafiki ulianza lini? Nikamnyang'anya ufunguo. Nilipozunguka nyuma kufunga ubao wa pikapu, nikainua macho na kuwaona kupitia kioo cha nyuma, wamesimama karibu na boneti. Sikuwasikia, lakini siku hizi nimekuwa hodari wa kusoma midomo, sijui nimejifunza wapi. Midomo ya Valentino ilisema, "Hujamwambia?" Na ya mke wangu ikasema, "Bado."

Mkono wangu ulibanwa na ubao, na hadi leo ukucha una alama. Nilimfungulia mke wangu mlango, nikaendesha hadi nyumbani Lushoto huku moyo unaniwaka kama jiko lililopulizwa.

Usiku ule na siku iliyofuata nilikaa nikiunganisha mambo. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nimechelewa kutazama. Miezi mitano nyuma, jirani yetu Asha alinivuta kando sokoni akaniambia, "Shemeji, mkeo kile kigoda cha gereji ya Soni kimeshamzoea. Kila siku ya soko namwona pale." Nilimfukuza kwa maneno makali, kwa kuwa Asha mdomo wake hauna pazia. Lakini lisemwalo lipo.

Halafu ile habari ya simu. Zakia akipigiwa simu anaongea kwa sauti ya chini, midomo inacheza tu. Televisheni ameifanya iwe inanong'ona, nikiongeza sauti anapunguza, anasema majirani watalalamika. Na tangu mwaka jana ameanza kunifuata kila safari ya Mombo, mwanamke ambaye zamani alikuwa akisema kona zile zinamtia kichefuchefu. Anakaa pembeni, ananigusa mkono: kuna lori nyuma, kuna pikipiki kulia, punguza. Nilifikiri ananipenda. Sasa nikaelewa kwamba ananichunga, apate kujua nitakuwa wapi na saa ngapi.

Ijumaa, baada ya swala, nilimpelekea pikapu Issa, fundi wa pale Lushoto, kijana mwenye maneno mengi na spana chache.

"Shikamoo, mzee Rajabu. Inasumbua nini?"

"Badilisha feni belti."

"Inalia?"

"Nimesema badilisha."

Akabadilisha. Akataka tukaizungushe mtaani asikilize, nikamkatalia. Nikaiwasha mwenyewe, nikaikanyagia mafuta, kimya. "Umesikia?" nikamwambia. "Imepona." Issa akanitazama usoni muda mrefu kuliko inavyostahili, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Na huyu naye, nikasema moyoni, amekwisha kupata habari za mke wangu. Mji mzima unajua isipokuwa mimi.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Zakia kwamba gari limetengenezwa, na kwamba Jumamosi tunashusha kabichi Mombo. Uso ukamsawijika. Akasema tusubiri beringi. Nikasema beringi ya Valentino akaitie kwenye gari la Valentino. Akasema basi niende peke yangu. Kisha akasema hapana, atakuja.

Kwa nini abadilike? Nilikuwa na jibu langu. Tutapita Soni.

Jumamosi tulianza safari jua limeshachomoza, kabichi zimejaa hadi juu ya mbao. Zakia alishika kishikio cha mlango kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine. Nilikuwa nimepanga kumuuliza tukiwa njiani, kwa sababu kwenye gari mtu hana jikoni pa kukimbilia. Tulipita Soni. Gereji ilikuwa wazi, Valentino amesimama mlangoni na shati lake la pasi, akainua mikono yote miwili juu. Anampungia mke wangu mchana kweupe, mbele yangu! Nikaongeza mwendo.

Tulipoanza kushuka kona, nikauliza.

"Valentino ni nani kwako?"

Sikusikia akisema kitu. Alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha.

"Nimekuuliza, Zakia! Alhamisi alisema hujamwambia, ukasema bado. Hujaniambia nini? Kwamba unaondoka?"

Akageuka. Uso wake ulikuwa na woga, na mimi mjinga nikaufurahia ule woga, nikaona nimemkamata. "Simamisha gari," akasema. Niliona midomo.

"Nijibu kwanza."

"Simamisha! Inasaga chuma, Baba Mwanaheri, inasaga!"

"Unataka turudi Soni? Ndicho unachotaka?"

Akanishika mkono. Nikautoa. Kona ya kulia ilikuja, nikaikata, na hapo usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, na pua yangu ikapata harufu ya grisi inayoungua. Dereva yeyote angesimama pale. Mimi nilipita kona nyingine nzima, kwa sababu kusimama kungekuwa kukubali kwamba Valentino amesema kweli. Nasema hili ili mjue wivu unaweza kumfikisha mtu wapi. Mke wangu alikuwa kwenye gari lile, na mimi nilikuwa nashindana na mtu aliyebaki Soni.

Zakia akauweka mkono wake juu ya wangu, hapo hapo kwenye usukani, akaukandamiza. Mikono yetu ikawa inatetemeka pamoja. Nikakanyaga breki, nikashusha gia hadi ya kwanza, na penye uwazi chini ya ukuta, pale pale walipogeuzia Alhamisi, pikapu ikasimama.

Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limelala upande, moshi unatoka katikati yake. Ukingo wa barabara ulikuwa hatua tano mbele, na baada ya ukingo ni vilele vya miti. Nikachuchumaa.

Kivuli kikanifunika. Nikageuka nikaona lori kubwa limesimama mgongoni mwangu kabisa, bampa yake haifiki mita tatu kutoka nilipochuchumaa, na dereva wake ameshateremka. Sijui lilifika saa ngapi. Alikuwa kijana, baadaye nilijua anaitwa Tobia, na hasira zilikuwa zimemjaa usoni, lakini adabu alikuwa nayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nakupigia honi tangu kona za juu kule! Honi ya upepo! Gurudumu lako linatoa moshi, nakupigia, nakuwashia taa, wewe unaenda tu. Kwani husikii?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Zakia akanitangulia.

"Utusamehe, mwanangu," akasema. "Redio ilikuwa juu."

Tobia akatikisa kichwa, akasema wazee mnapenda redio, akatuwekea mawe mbele ya magurudumu, akatuachia na chupa ya maji, akaenda zake. Alikuwa ameshapotea kwenye kona nami bado nimechuchumaa pale pale.

Pikapu yangu haina redio. Iliibwa Mombo miaka tisa iliyopita, na mahali pake nimeziba kwa kipande cha mbao.

Hakusita hata kidogo mke wangu. Lile neno lilimtoka kama mtu anayetoa chumvi mahali anapoiweka kila siku. Nikatambua kwamba haikuwa mara ya kwanza. Nikamkumbuka Issa na mdomo wake uliofunguka ukafungwa. Nikakumbuka mwadhini, simu, televisheni, na watu wote wanaonong'ona.

"Umewaambia watu wangapi kwamba redio ilikuwa juu?" nikamuuliza.

Akaja akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso. Nikagundua kwamba siku hizi kila akitaka kuniambia jambo huja mbele yangu hivyo, na mimi nilikuwa nikidhani ni kiburi.

"Wengi," akasema.

"Tangu lini?"

"Ramadhani ya mwaka juzi. Ulikuwa umekaa na tende mkononi, unasubiri adhana. Adhana ilikuwa imeshakwisha. Nikakuambia kula, ukasema mwadhini amechelewa." Akanitazama machoni. "Baadaye ukaacha kusikia breki. Halafu honi. Nikaenda kwa Valentino, kwa sababu anapokea magari mengi na hana maneno. Nikamwambia nifundishe. Kila siku ya soko nakaa kwenye kigoda, gari likiingia ananiambia sikiliza, hii ni nini? Nikikosa anarudia. Nimejifunza beringi, krosi, shokapu, hata ile kokoto ya kwenye tairi."

"Ili iweje?"

"Ili nikae pembeni yako."

Maneno hayo yaliniuma kuliko yale niliyokuwa nimeyaogopa. Mke akikukimbia, una mtu wa kumlaumu. Mimi nimlaumu nani? Rajabu Masikio!

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeiegesha hii pikapu siku hiyo hiyo, ukakaa kwenye kiti barazani ukitazama barabara. Nakujua. Ungenifia ndani ya mwaka." Akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Valentino ananisema kila siku. Anasema ni hatari, mwambie, atibiwe, kuna vifaa vya kuvaa sikioni. Namwambia bado. Alhamisi alinikasirikia sana. Na leo alipotuona tunapita, alikuwa anatuzuia, hakuwa anapunga."

Ni Zakia aliyempigia simu. Nilimtazama akiongea na fundi wake, midomo ikicheza, na nitasema kweli: wivu haukuondoka. Ulihama mahali tu. Kwa miezi mingi mke wangu alikuwa amekaa na mwanamume mwingine, wakisikiliza pamoja kitu ambacho zamani nilikuwa nikikisikiliza mimi naye. Kama wangekuwa wanakumbatiana ningejua la kufanya.

Valentino alikuja na pikipiki, jeki mgongoni na beringi mfukoni. Alikuwa ameshainunua tangu Ijumaa, aliiendea mwenyewe Mombo. Nikaudhika pia kwa hilo, kwamba alikuwa na hakika kiasi hicho.

Akapiga jeki, akatoa gurudumu, akatoa ile beringi ya zamani vipande vipande, bluu kwa moto. Akaniwekea kiganjani. Kisha akaipakaza mpya grisi kwa vidole, taratibu, akaiingiza, akafunga nati, akazungusha gurudumu kwa mkono huku kainamisha sikio. Alipomaliza akasimama mbele yangu, akaniangalia usoni, na kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti ya kiume.

"Kaka Rajabu. Inabidi ipite ukutani."

Nikamnyooshea ufunguo. Ndiyo desturi, fundi aliyetengeneza ndiye anayepitisha, na mtu wa kusikiliza alikuwepo. Ufunguo ule ulikuwa mzito kuliko kabichi zote zilizokuwa nyuma.

Akautazama, hakuupokea. "Endesha wewe. Shemeji atasikiliza. Mimi nawasubiri hapa."

Tukashusha vioo. Nikatia gia ya pili, tukapanda. Mwamba ulianza kupita upande wa kushoto, umelowa, na vijimea vimeota kwenye nyufa. Zakia akaegemeza kichwa dirishani, mtandio ukamteleza mabegani, akafumba macho. Nilisikia kitu kama kuvuma, labda injini, labda damu yangu mwenyewe. Yeye alisikia yote. Niliona yanavyompitia usoni: nyusi zikapanda, zikashuka, kisha uso wote ukatulia. Nikamwonea wivu. Yeye, siyo Valentino. Nilimwonea wivu kwa lile gari la pili linalotembea ndani ya mlima, ambalo mimi ndiye niliyemwonyesha.

Tukageuza, tukashuka, tukapanda tena. Mara tatu, kama wao. Tulipofika juu mara ya tatu nikaegesha kando, nikazima injini.

"Inasemaje?"

Akanigeukia. "Imepona."

"Zakia. Alhamisi nilikuwa pale msikitini natawadha. Niliwaona. Mlikuwa mnacheka nini?"

Akaanza kucheka kabla hajajibu, mkono mdomoni, na nikautoa ule mkono ili nione.

"Aliniambia nimweleze mlio kwa maneno. Nikamwambia ni kama Baba Mwanaheri akilalia ubavu wa kushoto."

"Mimi nakoroma?"

"Miaka ishirini na saba."

Nikachukia, jamani. Mwanamume mwingine anajua ninavyokoroma! "Unamwambia fundi kabla hujaniambia mimi mwenyewe?"

Kicheko kikamwisha. Akanishika kidevu kwa vidole vyake, akaniweka sawa mbele ya uso wake.

"Nakuambia kila asubuhi, Rajabu," akasema. "Ukiwa umenipa mgongo, unavaa viatu."

Nikawasha gari, nikageuza, tukashuka tukampita Valentino aliyekuwa ametuinulia mkono, tukageuza tena chini, na tukapita ukutani mara ya nne, ingawa gari lilikuwa limeshapona.